Eliane Umuhire na mkimbizi asiyelia

Ukimuuliza mtu hapa Gisenyi akutajie waigizaji wa kike wa Rwanda, atakutajia kwanza sauti za redio, zile za Urunana na Musekeweya. Simlaumu. Mchezo wa redio unausikia hata ukiwa unafua. Lakini yuko mmoja ambaye kazi yake inatugusa sisi wakimbizi kuliko wengine, na kambini karibu hakuna anayemjua. Anaitwa Eliane Umuhire.

Filamu iliyomtoa inaitwa Birds Are Singing in Kigali, ya mwaka 2017, ya Joanna Kos-Krauze na mumewe Krzysztof Krauze, ambaye alifariki kabla haijaisha. Ni filamu ya Poland. Umuhire ni Claudine, msichana aliyepoteza familia katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Mama mmoja Mpoland, mtaalamu wa ndege, anamtorosha mpaka kwao Ulaya. Umuhire na mwenzake Jowita Budnik waligawana tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la Karlovy Vary mwaka ule ule.

Sasa angalia anavyoigiza. Claudine ameokolewa, ana pa kulala, ana chakula. Tunategemea ashukuru. Hashukuru! Ananyamaza, anakuwa mgumu, wakati mwingine hapendezi kabisa. Umuhire anafanya kazi kwa shingo na kwa mabega kuliko kwa mdomo. Nilionyesha vipande vyake kwa vijana wa kundi letu la maigizo, kwenye kompyuta moja, watu kumi na kitu tumebanana. Msichana mmoja akaniuliza, "Kaka, mbona huyu halii?"

Swali hilo lilinikaa, juu ya michezo yetu wenyewe. Kila tarehe 20 Juni, siku ya wakimbizi, tunacheza kitu kile kile: msichana na kitenge chake, mtoto mgongoni, analia, wageni wanapiga makofi. Kuna mwaka mgeni mmoja alikuja kwenye mazoezi akatuomba tuongeze machozi kidogo. Tukaongeza. Wale wasichana wanajua kulia kwa dakika mbili bila shida, ila ukiwaambia wacheze mkimbizi aliyekasirika, au mkimbizi mwenye dharau, au anayechoka tu kuulizwa maswali, wanacheka. Hawajawahi kuona mtu akiigiza hivyo. Claudine ndiye wa kwanza.

Si kila kazi yake naipenda. Trees of Peace, ambayo Netflix ilitoa 2022, inafungia wanawake wanne chini ya sakafu mwaka 1994. Umuhire ni Annick, mwenye mimba. Anajitahidi, lakini filamu yenyewe inazungumza mno, tena Kiingereza, na kila mmoja anaeleza uchungu wake kwa zamu kama tuko kwenye semina. Mtu aliyejificha haelezi. Anasikiliza miguu juu ya kichwa chake, basi.

Bazigaga ni dawa ya hiyo. Ni filamu fupi ya Jo Ingabire Moys, Mnyarwanda wa Uingereza, na iliingia kwenye orodha ya filamu fupi za Uingereza zilizoshindania BAFTA mwaka 2023. Imetokana na maisha ya Zura Karuhimbi wa Ruhango, bibi aliyeficha zaidi ya watu mia moja nyumbani kwake kwa sababu wauaji waliogopa uchawi wake. Umuhire anaigiza mganga wa namna hiyo, na mchungaji anayemdharau mganga ndiye anayelazimika kujificha kwake. Hapa mwenye kuokoa ni mwanamke mkali, maskini, anayesemwa vibaya kijijini. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, hiyo ndiyo ningewaomba muitazame kwanza.

Halafu kuna Augure ya mwaka 2023, ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi. Ilipigwa Congo na ikapata tuzo Cannes. Mnyarwanda Umuhire anacheza Tshala, Mkongomani, dada wa kijana anayerudi nyumbani kutoka Ulaya. Yani, sisi tunaokaa hapa mpakani tunajua jinsi mtu anavyopimwa kwa pua na kwa lafudhi kabla hajamaliza kusalimia. Yeye anavuka bila kelele. Ningependa siku moja watu wa Birere na watu wa Mbugangari wakae benchi moja, waitazame pamoja, wabishane kama lafudhi yake imepita au hapana.

Tatizo ni lugha. Agasobanuye ya filamu hizi sijaipata popote. Wasobanuzi wanapenda za ngumi. Kwa hiyo Bazigaga tutaionyesha sisi wenyewe, na mimi nitasimama kando ya ukuta nikitafsiri kwa Kiswahili. Yule msichana amesema anataka kutafsiri sehemu za mganga. Nimemwachia.