Mahali kwa Alama Moja: Maradhi ya Vijana katika Hadithi Fupi za Shule

Makala haya yanashughulikia swali ambalo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umelipita mara nyingi bila kulisimamia: ni nani, au ni nini, kinachomuua kijana katika hadithi zetu? Jibu la kawaida limo katika miongozo inayouzwa madukani, nalo hukaririwa na watahiniwa mwaka baada ya mwaka. Kijana huuawa na tamaa, ukaidi, usiri mbele ya wazazi, na mapenzi ya kabla ya wakati. Tunadai kwamba jibu hili ni la upande mmoja, kwamba chanzo chake ni mazoea yetu ya kuisoma mandhari zaidi ya matini zenyewe, na kwamba linamdhuru msomaji kijana anayeishi mahali ambapo uchaguzi wenyewe ni haba.

Matini yetu ni diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda (2016), ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa kitabu teule katika shule za sekondari nchini Kenya. Kipimo chetu ni mtaa wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi. Hadithi hizi hazikuandikwa kuuhusu mtaa huo. Hata hivyo zilisomwa na vijana waliolelewa humo, na kitabu teule ni haki kukipima kwa msomaji wake aliye mbali zaidi na starehe.

Mukuru kwa Reuben umo katika eneobunge la Embakasi Kusini, ubavuni mwa Eneo la Viwanda, jirani ya Mukuru kwa Njenga na Viwandani. Wakazi wengi hupanga chumba kimoja cha mabati, futi kumi kwa kumi, ambacho ni jiko, sebule na malazi ya jamaa nzima. Ardhi iliyo chini ya mabanda hayo kwa sehemu kubwa ina hatimiliki za watu binafsi wasioishi hapo. Maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na anayenunua kwa mtungi huishia kulipa bei ya juu kuliko mwenye bomba na mita katika mitaa ya wenye nacho. Choo ni cha shimo, cha pamoja, mara nyingi cha kulipia. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2010 kuhusu wanawake katika mitaa ya mabanda ya Nairobi ilieleza jinsi safari ya kwenda chooni usiku ilivyowaweka wanawake na wasichana katika hatari ya kubakwa. Mnamo Agosti 2017 serikali ya kaunti iliitangaza Mukuru yote, yenye kaya zaidi ya 100,000, kuwa eneo maalumu la upangaji, na kati ya 2020 na 2022 zikajengwa barabara, mabomba ya maji taka na vituo vya afya. Hayo si haba. Lakini kijana wa miaka ishirini na mitano leo alizaliwa wakati utafiti wa mwaka 2000 uliofanywa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi ulipoonyesha kwamba watoto wapatao 151 kati ya kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, ilhali kwa Nairobi nzima idadi ilikuwa kama 62. Kijana huyo ni mmoja wa walionusurika. Tunapomkabidhi hadithi inayomwambia kwamba kifo cha ujanani ni tunda la tabia, tunamkabidhi kitu ambacho utoto wake tayari umekikanusha.

Tuitazame basi "Shogake Dada ana Ndevu" ya Alifa Chokocho, hadithi ambayo pengine ndiyo iliyopendwa zaidi madarasani kwa sababu ya hila yake. Safia, bintiye Bwana Masudi na Bi Hamida, ni mfano wa adabu machoni pa wazazi. Shoga anayekuja kudurusu naye, amejifunika gubigubi, ni mwanamume. Safia anashika mimba, na jaribio la kuitoa linamwondoa duniani. Kifani hadithi imefumwa vizuri. Kinaya chake kinauma, na dhihaka dhidi ya wazazi wanaoitukuza sura ya nje imestahili. Tatizo ni lile ambalo mwisho unalifunika. Kifo kinamjia Safia upesi, kama hukumu, na msomaji anaachwa akimtazama msichana na wazazi wake, wala si mahali pale alipokwenda kuitoa mimba. Alihudumiwa na nani? Kwa kiasi gani cha fedha? Kwa nini hakwenda hospitali? Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, pamoja na huduma ya afya ya uzazi. Kifungu cha 26 kinakataza utoaji mimba isipokuwa pale mhudumu wa afya aliyefunzwa anapoona kuwa uhai au afya ya mama imo hatarini. Umbali kati ya haki hiyo na msichana asiye na nauli ya matatu ndio umbali ambamo wasichana hufia. Mwenye fedha akikosea hupata daktari na siri. Asiye nazo akikosea kosa lilo hilo hupata jeneza, kisha funzo.

Hatusemi kwamba Safia ni maskini. Hadithi haimchori hivyo. Hapo hasa ndipo penye hoja. Kwa kumchagua msichana wa nyumba yenye nafasi na kumpa kifo ambacho kwa kawaida humfika asiye na nafasi, hadithi inafanya hatari ionekane imegawiwa sawasawa kwa wote wenye tabia moja. "Nizikeni Papa Hapa" ya Ken Walibora inakaribia mtego huo huo katika kisa cha Otii, mchezaji kandanda anayeonywa kuhusu mpenzi wake naye asisikie. Walibora, hata hivyo, ana huruma inayoipita nasaha, na Otii anabaki mtu hata anapokwisha kuwa kielelezo.

Dhidi ya hizo tunaiweka "Ndoto ya Mashaka" ya Ali Abdulla Ali, ambayo kwa maoni yetu ndiyo hadithi ya afya iliyo bora katika diwani nzima, ingawa hatujakutana na mwongozo unaoiita hivyo. Mashaka amekulia katika ufukara tangu utoto. Anapokuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, makao yake ni chumba kimoja katika mtaa wa Tandale, na wanawe wa kiume hulazimika kulala jikoni kwa jirani. Jambo hili la jikoni limetajwa kwa ufupi, karibu bila kulalamika. Mwalimu wa darasani atalipita, au ataliandika ubaoni chini ya kichwa "umaskini" na kuendelea. Lakini lisome ukiwa Mukuru kwa Reuben. Barobaro anayelala penye makaa na masizi anavuta nini usiku kucha? Atadurusu wapi? Mmoja wao akikohoa, wangapi watakuwa wanakohoa mwezi ujao? Kifua kikuu hakihitaji tabia mbaya ili kienee. Kinahitaji chumba kidogo, dirisha lisilokuwapo na miili mingi. Ali Abdulla Ali hakuandika neno la kitabibu, naye ametuandikia sababu ya ugonjwa kabla ya ugonjwa wenyewe kufika. Hakuna dhambi iliyotangulia. Kuna kodi ya nyumba, na mshahara usioitosha.

Swali linakuja lenyewe: ikiwa matini zinayo haya, kwa nini hayasomwi? Tuuangalie mtihani. Kila aliyepitia shule ya sekondari nchini Kenya anaijua amri ya kuliweka dondoo katika muktadha wake. Mtahiniwa hutaja msemaji, msemewa, mahali na sababu, na kila kimoja humpatia alama moja. Mahali hupewa jina tu: ni nyumbani, ni sokoni, ni Tandale. Mahali hapaulizwi panafanya nini. Kisha linafuata swali kubwa, la alama nyingi, kuhusu sifa za mhusika au maudhui, na hapo mhusika hubebeshwa kila kitu, yakiwemo yale ambayo mahali pamemtendea. Sisi wa vyuo vikuu hatuna haki ya kuwacheka walimu. Vitabu vyetu vya nadharia vimeifunza mandhari kama pazia la nyuma ya jukwaa, linaloakisi hali ya wahusika au kujenga taharuki. Hata uhakiki wa kitabaka wa miaka ya sabini na themanini, ambao ulisema mengi juu ya wavujajasho na wanyonyaji, ulimtazama mfanyakazi kiwandani na kumsahau mwanawe aliyekuwa akivuta moshi wa kiwanda hicho.

Pengine tutaambiwa kwamba hadithi si taarifa ya bwana afya, na kwamba kumtwika mtaa lawama zote ni kumnyang'anya kijana utashi wake. Pingamizi hili lina uzito. Vijana wa Mukuru si mashina yaliyopandwa matopeni; huamua, hukosea, hujikwamua, na baadhi yao hujiponza kwa mikono yao. Lakini utashi nao una gharama, na gharama hizo hazilingani. Katika "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike, Dennis Machora, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyetoka katika ufukara, anaishi kwa uji huku wenzake wa tabaka jingine wakila wapendavyo. Aibu yake mbele ya Penina, mtoto wa wenye mali, ni sehemu ya njaa yake. Hapa uamuzi wa kupenda na uamuzi wa kula vimefungwa kamba moja, na Wasike hahitaji kumhukumu yeyote ili tuione kamba hiyo. Ushahidi wa kitabibu unaelekea huko huko: mwaka 2012 Russell Viner na wenzake walihitimisha katika jarida la Lancet kwamba vibainishi vyenye nguvu zaidi vya afya ya vijana ni vya kimuundo, kama vile utajiri wa taifa, tofauti za kipato na fursa ya elimu.

Hadithi inayoipa diwani jina lake, ya Said Ahmed Mohamed, inaisukuma hoja mbele zaidi, kwa kuwa mtaa wenyewe ndio unaotafunwa. Jitu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago, linakula chakula chote, linaahidi kurudi, na kinachofuata ni matingatinga. Jina Madongoporomoka limekwisha kusema: ni makao ya udongo unaomeng'enyeka. Hadithi hii ilikuwa bado kitabu teule mwishoni mwa mwaka 2021, mabuldoza yalipoingia Mukuru kwa Njenga, ng'ambo tu ya Mukuru kwa Reuben, na maelfu ya watu wakalala nje katika vumbi na mvua. Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka huo ulifanywa Machi 2022. Mtahiniwa aliyetoka kwenye vifusi vile, akitakiwa kutaja mahali, angeandika Madongoporomoka na kupata alama yake moja.