Kipokezi cha CD28 na hataza iliyokosa maelezo

Mwaka 2002, Michel Sadelain, Renier Brentjens na John Maher, wakiwa Memorial Sloan Kettering jijini New York, waliombea hataza kipokezi walichokibuni kwa ajili ya seli T, zile seli za kinga zinazoua. Nje ya seli kuna kipande cha kingamwili kinachonasa saratani. Ndani kuna sehemu mbili: zeta, inayoiamuru seli iue, na CD28, inayoisaidia iongezeke na idumu. Vipokezi vya awali vilitegemea zeta peke yake, na seli zilizovibeba zilichoka upesi. Ubunifu wenyewe umo humo kwenye CD28, nami nauheshimu sana.

Kasoro imo kwenye madai ya hataza. Mfuatano wa CD28 uliandikwa asidi amino moja baada ya nyingine, lakini kipande cha kunasa kikaachwa kiwe chochote, mradi kinase shabaha. Maelezo yalitaja mifano miwili tu, mmoja wa kunasa CD19, alama ya saratani za damu za seli B, na mwingine wa PSMA ya saratani ya tezi dume, pasipo mfuatano wa hata mmoja.

Oktoba 2017 Marekani iliidhinisha Yescarta, tiba ya seli T ya kampuni ya Kite inayotumia kipokezi chenye CD28 na zeta dhidi ya CD19. Juno, yenye leseni ya hataza hiyo, ikashtaki. Mwaka 2019 jopo la raia Los Angeles liliipa dola milioni 752, na jaji akazipandisha hadi takriban bilioni 1.2. Agosti 2021 mahakama ya rufaa ikafuta zote, ikisema hataza ilikosa maelezo ya kutosha. Hata madai yaliyojifunga kwenye CD19 pekee yalianguka.

Naona hukumu ilikuwa ya haki. Umma humpa mvumbuzi miaka 20 ya haki ya kipekee ili naye aufundishe kikamilifu. Msomaji wa hataza ile asingejua kipande kipi kingefaa dhidi ya saratani ya tatu.

Ubunifu wao haukuishia kwenye hataza hiyo. Mwaka uleule Yescarta ilipoidhinishwa, 2017, kundi la Sadelain lilichapisha kazi nyingine katika jarida la Nature. Virusi vilivyozoeleka kutumiwa kuingiza jeni kwenye seli hupachika jeni ya kipokezi mahali popote kwenye kromosomu. Wao waliikata kwa CRISPR, mkasi wa kuhariri jeni, jeni ya TRAC, inayounda sehemu ya kipokezi asilia cha seli T, wakapachika ya kwao papo hapo. Kipokezi kipya kikaongozwa na mfumo wa seli yenyewe, uchovu ukachelewa, na kwa panya wenye lukemia seli hizo zikazishinda zile za njia ya kawaida.