Nyuso Sita, Saini Nne

Anayekusanya picha za kale zilizosainiwa na wasuluhishi wa mipaka hupata mambo mawili katika karatasi moja: nyuso zilizonaswa na kamera, na majina yaliyoandikwa kwa mkono. Kazi ya mhakiki huanza pale mambo hayo mawili yanapoacha kukubaliana. Jopo la Mpaka wa Alaska, lililoketi London Septemba na Oktoba 1903, ni mfano bora wa hali hiyo.

Wasuluhishi walikuwa sita. Marekani ilimleta Elihu Root, Waziri wa Vita. Henry Cabot Lodge, seneta wa Massachusetts. Na George Turner, aliyewahi kuwa seneta wa jimbo la Washington. Upande wa pili aliketi Lord Alverstone, Jaji Mkuu wa Uingereza, pamoja na Wakanada wawili, Sir Louis Jetté na Allen Aylesworth. Walitakiwa kufasiri mkataba wa 1825 kati ya Urusi na Uingereza, uliotangulia Marekani kuinunua Alaska mwaka 1867. Dhahabu ya Klondike, Kanada, ilikuwa imeufanya mpaka wa Alaska na Kanada uwe wa kugombewa.

Litazame umbo la picha rasmi ya kundi ya zama hizo. Wakubwa huketi mbele, makatibu husimama nyuma. Makoti meusi, mikono imetulia, macho yanaielekea kamera. Ardhi inayogombewa haimo, wala hayumo Mtlingit, ambaye pwani ile ni kwao. Mpangilio wenyewe ni hoja: hawa ni chombo kimoja, chenye sauti moja. Saini zikipangwa kwenye kadi chini ya picha, kila moja chini ya mwenyewe, hoja hiyo huongezeka nguvu, kwa sababu safu ya majina hufanana na ukurasa wa mwisho wa hati ya makubaliano.

Lakini hati ya London haikuwa na makubaliano hayo. Uamuzi ulitolewa tarehe 20 Oktoba 1903 kwa kura nne dhidi ya mbili. Katika masuala makuu Alverstone aliungana na Wamarekani. Jetté na Aylesworth walikataa kuusaini. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na hasira ilitanda Kanada. Kwa hiyo jina la Aylesworth likionekana chini ya picha, linathibitisha kwamba alikuwepo; kukosekana kwake kwenye uamuzi kunathibitisha kwamba hakuridhia. Safu ileile ya majina inabeba maana mbili, kutegemea karatasi ilimoandikwa.

Saini ya Alverstone nayo hubeba tarehe yake. Katika usuluhishi wa mpaka wa Venezuela na Guiana ya Uingereza, uliosikilizwa Paris mwaka 1899, aliongoza mawakili wa Uingereza akiitwa Sir Richard Webster. Cheo cha Lord alikipata mwaka 1900, na wenye cheo hicho Uingereza husaini kwa jina la cheo peke yake. Picha ya Paris yenye jina "Alverstone" basi haikusainiwa mwaka ule: ama ilisainiwa baadaye, ama imeghushiwa. Lenzi husaidia kuamua kama saini ni ya mkono au imechapwa. Wino wa kalamu huonyesha mahali mkono ulipokandamiza na ulipoinuka. Saini iliyochapwa huwa na weusi ulio sawa, au nukta ndogo.

Hukumu yangu ni hii: picha iliyosainiwa ni ushahidi wa kuhudhuria, si wa kuafikiana, na anayeitundika peke yake ameonyesha nusu ya tukio. Wewe unayekusanya, usiikate kadi ili itoshe kwenye fremu, usifute maandishi ya nyuma, na uiweke pamoja na nakala ya ukurasa ule wa uamuzi wenye saini nne.