Kijitu cha Penfield na maumivu yaliyokosekana

Mwaka 1937 Wilder Penfield na mwenzake Edwin Boldrey, madaktari wa upasuaji wa ubongo mjini Montreal, Kanada, walichapisha kazi iliyotokana na wagonjwa 163. Wagonjwa hao walilala mezani fuvu limefunguliwa, nao wako macho na wanazungumza.

Jambo hilo liliwezekana kwa sababu ubongo wenyewe hauumi. Kinachouma ni ngozi ya kichwa na utando unaoufunika ubongo, na hivyo hutulizwa kwa sindano ya ganzi. Penfield alikuwa akitibu kifafa; kabla ya kukata alitaka kujua ni wapi asiguse. Aligusisha ncha ya umeme kwenye gamba la ubongo, mkondo ukiwa hafifu, akauongeza kidogo kidogo mpaka mgonjwa aseme jambo. Akisema kidole gumba kinachonyota, kikaratasi chenye namba kiliwekwa pale pale, karani akaandika, ncha ikasogezwa. Mara nyingine daktari alitangaza kwamba anagusa ilhali hajagusa kitu, ili aone kama mgonjwa anajitungia. Kwangu mimi, hila hiyo ndogo ndiyo inayoipa ramani yake uzito.

Nyuma ya mfereji wa kati wa ubongo kuna tuta lililojibu kwa mpangilio: mguu karibu na utosi, mkono ubavuni, kisha uso, na ulimi chini zaidi. Upande wa kushoto husikia mkono wa kulia. Bi H. P. Cantlie akalichora hilo kama kijitu chenye midomo minene, gumba kubwa na mgongo mwembamba. Ukitaka kujua sababu, chukua bikari. Kwenye ncha ya kidole utazitambua ncha zake mbili zikiwa zimeachana milimita mbili au tatu. Mgongoni huenda ukahitaji sentimita nne. Ubongo hugawa nafasi kwa wingi wa habari, wala hauangalii upana wa ngozi. Mchoro, hata hivyo, ni safi kuliko data. Majibu ya vidole na mkono yaliingiliana sana, na kijitu hakionyeshi mwingiliano huo.

Ila lililonishika ni lile ambalo halikutokea. Katika majibu zaidi ya 800, maumivu yalitajwa mara 11 tu. Wengine walisikia ganzi, mchonyoto, au hamu ya kusogeza kiungo. Penfield akaona kwamba maumivu hayana makao ya maana katika gamba la ubongo.

Naona hapo aliponzwa na chombo chake. Ncha ile ilifikia yaliyo juu. Chini ya mikunjo ya ubavuni umejificha mkunjo uitwao insula, na watafiti wa baadaye walipoingiza nyaya ndani huko, baadhi ya wagonjwa walisikia maumivu hasa. Hata hivyo si mara nyingi. Inaelekea maumivu hutengenezwa na sehemu kadhaa zikifanya kazi pamoja, na kuichokoza moja hakutoshi.

Tena sehemu hizo hazifanyi kazi moja. Mjini Montreal humohumo, mwaka 1997, Pierre Rainville na wenzake waliwatumbukiza watu mkono katika maji ya nyuzijoto 47, huku wakiwapa maelekezo katika usingizi wa hipnosi kwamba karaha ya joto inazidi au inapungua. Karaha ilibadilika kweli, na singuleti ya mbele, iliyo katikati ya ubongo, ikabadilika nayo. Tuta la kijitu halikutikisika.

Kiswahili kinayo maneno ya kutenganisha hisia ya mahali na karaha yake: maumivu ni ya mahali, kidole au jino; uchungu humshika mtu mzima, uwe wa uzazi au wa msiba.

Mwaka 1999 Markus Ploner na wenzake, nchini Ujerumani, walieleza habari za mgonjwa ambaye kiharusi kiliharibu sehemu za mguso upande wa kulia wa ubongo wake. Mgonjwa mmoja hathibitishi kanuni, lakini huyu ni wa kusikilizwa. Walipouchoma mkono wake wa kushoto kwa leza kali, alisema kuna kitu kibaya mahali fulani kati ya vidole na bega, kitu ambacho angependa kukiepuka. Wakampa orodha ya maneno achague: joto, moto, baridi, mguso, kuungua, kuchomwa kama kwa pini, maumivu kidogo, ya wastani, makali. Yote akayakataa. Uchungu haukuwamo kwenye orodha.