Namna ya Kuipima Picha ya Nyuki Wanaopungua

Ndovu aliyeuawa kwa ajili ya pembe analala mbele ya kamera, na mtazamaji anaelewa bila kuambiwa. Nyuki akitoweka haachi chochote cha kupigwa picha. Ua lipo, jua lipo, bustani ipo, na kilichokosekana hakiingii kwenye lenzi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika baadaye, mbele ya kompyuta, pale mhariri anapoamua kipi king'ae, kipi kififie, kipi kikatwe, na picha ipi ikae kando ya ipi. Picha nyingi za nyuki huharibikia hapo hapo. Kipimo changu ni kimoja: mhariri hodari humwonyesha mtazamaji upungufu kwa kutumia vitu vilivyokuwepo kweli mahali pale. Akipaka huzuni ambayo mahali pale hapakuwa nayo, kazi imeanguka, hata ipendeze vipi.

Anza na rangi, maana ndiko makosa yaliko mengi. Kosa kuu ni lile la kuigeuza picha nzima kuwa ya kijivu na kumwachia nyuki peke yake unjano wake. Mtazamaji anaambiwa ahuzunike kabla hajapata nafasi ya kutazama. Tena ni uongo kuhusu mambo yalivyo, kwa sababu sehemu nyingi zilizowakosesha nyuki chakula ni za kijani kibichi na zinapendeza macho. Shamba kubwa la mahindi yaliyopaliliwa hadi jani la mwisho la magugu ni zuri kwenye picha, na nyuki hapati humo ua la kutua msimu ukipita. Fikiria mashamba ya lozi ya California. Kila Februari miti hufunikwa na maua meupe hadi upeo wa macho, na mizinga husafirishwa kwa malori kutoka pande zote za Marekani, kwa kuwa nyuki walioko pale hawatoshi kuchavusha miti yote ile. Anayeikoleza kijivu picha ya namna hiyo ameifuta habari yenyewe. Aliye na jicho atauacha weupe wa maua ung'ae, kisha ataufungua kidogo mwanga wa chini ili udongo mtupu kati ya mistari ya miti uonekane vizuri. Hapo mtazamaji anajiuliza mwenyewe: maua haya yakipukutika, mdudu atakula nini?

Kisha tazama unjano wa nyuki mwenyewe. Nyuki wetu wa asali wa Afrika Mashariki, Apis mellifera scutellata, ana mistari ya rangi ya kahawia inayoelekea machungwa, iliyofifia zaidi ya watu wanavyodhani. Rangi ikivutwa mpaka ikafikia limau, nyuki amekuwa wa katuni. Na hasara inaweza kuwa kubwa kuliko ubaya wa macho. Chukua Bombus affinis, nyuki mnene mwenye manyoya wa Amerika Kaskazini, ambaye mwaka 2017 serikali ya Marekani ilimwingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Vibarua na madume wa aina hiyo hutambulika kwa doa dogo la rangi ya kutu mgongoni, kwenye pingili ya pili ya tumbo, likizungukwa na manyoya ya njano. Mpiga picha Clay Bolt alimtafuta nyuki huyu hadi Wisconsin, na safari hiyo ikazaa filamu fupi ya mwaka 2016 iitwayo A Ghost in the Making. Sasa jaribu kuikuza njano na machungwa kwa pamoja kwenye picha ya nyuki huyo. Doa la kutu linamezwa na manyoya yaliyolizunguka, na mdudu ambaye watu walivuka majimbo kumtafuta anafanana na jamaa zake wa kawaida. Nikipewa picha ya aina hiyo kuikadiria, ninakwenda kwanza kwenye doa. Likiwa na ukingo wake na rangi yake, najua mhariri alimjua aliyekuwa anamhariri.

Ukitoka kwenye rangi, sogea karibu, uitazame picha kwa ukubwa wake wote. Mwili wa nyuki umejaa manyoya yaliyochanua matawi madogo madogo, na ndiyo yanayonasa chavua. Programu za kuondoa chengachenga hupenda kuyalamba manyoya hayo, zikaacha kifua laini kama plastiki. Kinyume chake, picha iliyonolewa kupita kiasi huacha mstari mweupe kuzunguka papasi na miguu. Dalili zote mbili huonekana upesi zaidi shingoni, pale kichwa kinapokutana na kifua.

Halafu mabawa. Nyuki kibarua wa msimu wa kazi nyingi huishi wiki chache tu, na siku zake za mwisho anazitumia nje akitafuta chakula. Kadiri anavyoruka ndivyo kingo za mabawa yake zinavyochanika. Bawa lililoraruka nchani ni umri, ni masafa, ni kazi iliyofanyika. Wapo wahariri wanaoliona kama kasoro na kulishona likawa kamili, na hapo wamemnyang'anya mdudu maisha yake yote. Kwangu bawa lililoachwa na michaniko yake ni alama ya juu kabisa ya heshima katika uhariri wa aina hii.

Brashi ya kufuta madoa ndiyo ya kuogopwa kuliko vyote. Utitiri uitwao Varroa destructor ni kidudu bapa cha rangi nyekundu iliyochanganyika na hudhurungi, upana wake haufiki milimita mbili, nacho hung'ang'ania mwilini mwa nyuki na kusambaza virusi vinavyoyakunja mabawa. Ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya makundi ya nyuki wa asali duniani, na mwaka 2009 uligunduliwa Kenya na Tanzania. Kwenye picha, utitiri huo unafanana sana na kipande cha uchafu. Mhariri mwenye haraka anaubofya mara moja na kuupoteza. Amesafisha picha, na kwa bofyo hilo hilo amekifuta kisababishi cha msiba anaotaka kuusimulia. Kwa hiyo ukiona picha ya mzinga uliougua na kila nyuki yu safi kama ametoka kuoga, uliza kilifutwa nini.

Usafi wa makusudi ni jambo jingine, nao una nafasi yake. Maabara ya Sam Droege huko Maryland, chini ya idara ya jiolojia ya Marekani, imetoa picha nyingi za nyuki waliohifadhiwa, wakaoshwa, wakakaushwa, wakapigwa mbele ya weusi mtupu kwa kuunganisha picha nyingi zilizofokasiwa hatua kwa hatua. Ni kazi ya kiwango cha juu. Weusi ule upo ili uone kila unyoya na kila ng'aro la kijani au buluu kwenye mwili wa mdudu, na picha zile zinatufundisha kwamba duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, wengi wao hawafanani kabisa na nyuki wa asali. Tatizo huja pale mwingine anapoazima weusi huo, akauweka nyuma ya nyuki mzima wa bustanini, ili uonekane kama msiba. Weusi wa kutazamia na weusi wa kuombolezea ni vitu viwili, na jicho lililozoea linaujua wa pili kwa namna unavyoula ukingo wa manyoya.

Swali la nafasi kwenye fremu linahitaji subira zaidi. Kila mtu anayenunua lenzi ya makro hutaka nyuki ajaze picha. Lakini nyuki aliyejaza picha anaonekana jitu, ana nguvu, yuko kila mahali. Macho hayawezi kuhisi uhaba mbele ya kitu kilichoziba fremu nzima. Anayetaka kusema habari ya kupungua inambidi apunguze kukata. Amwache nyuki awe mdogo, pembeni, na maua mengi yasiyotembelewa yamzunguke. Hapo mwanga ndio unaobeba kazi: mhariri anamwinua nyuki kwa nukta ndogo ya mwangaza, kiasi cha jicho kumpata baada ya kutafuta kidogo. Akimwinua kupita kiasi, jicho linampata mara moja na utafutaji unakufa. Akimwacha gizani, picha inakuwa ya maua tu. Kipimo ni muda: mpe mtu picha, usimwambie kitu, uone kama anatafuta.

Wingi nao una kazi. Mwaka 2022 Karine Aigner alishinda tuzo kuu ya Wildlife Photographer of the Year kwa picha ya nyuki wa mpungate huko Texas, madume wamejikunja kuwa tufe moja juu ya mchanga, wakigombea jike. Hakuna huzuni ndani yake hata chembe. Hata hivyo naiweka juu kuliko picha nyingi za nyuki waliokufa dirishani, kwa sababu inaonyesha uhai unaotegemea kipande cha ardhi tupu ambacho trekta moja linaweza kukifukia. Mwenye kupanga mfululizo wa picha aanze na kitu cha namna hiyo. Mtu hahisi pengo la mgeni asiyemjua.

Kwenye mfululizo, au kwenye picha mbili za kabla na baada, ndipo udanganyifu hupata nafasi kubwa. Picha ya zamani hupashwa rangi ya dhahabu, ya sasa hupozwa ikawa ya buluu, na mtazamaji anashawishiwa na joto la rangi bila kujua. Jozi ya haki ina mahali pamoja, saa ileile ya siku, msimu uleule, lenzi ileile, na mipangilio ileile ya kuhariri kwa picha zote mbili. Utafiti wa Krefeld, Ujerumani, uliotangazwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba uzito wa wadudu wanaoruka, wa kila aina, kwenye hifadhi ulishuka kwa zaidi ya asilimia 75 ndani ya miaka 27. Ukipiga picha ya mbuga zile huoni kitu, nyasi zinapendeza. Kilichopigika ni chupa za wadudu waliohifadhiwa kwenye alkoholi. Ukiweka chupa mbili pamoja, mwanga ukawa sawa kwenye zote, kiwango cha wadudu ndani ya kioo kinaonekana kwa jicho. Ukipunguza mwanga kwenye chupa moja tu, umeiharibu hoja yako mwenyewe.

Mhariri anapaswa pia kumjua mdudu. Mara nyingi nzi mwenye mistari ya njano huwekwa kwenye bango la kuwatetea nyuki. Hesabu mabawa: nzi ana mawili, nyuki ana manne. Tazama papasi: za nzi ni fupi mno, za nyuki ni ndefu na zina kiwiko. Na kwetu kuna kosa la ziada, la kutumia nyuki wanene wa Bombus kwenye mabango ya Kiswahili, ilhali kusini mwa Sahara hawapo kwa asili. Tunao nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa, ambao ndio wanaochavusha matunda ya pesheni. Tunao nyuki wadogo wasiouma. Picha zao zinastahili mabango hayo.

Kosa la msimu ni gumu zaidi kuligundua. Huko Marekani, kuanzia majira ya baridi ya 2006 na 2007, wafugaji walikuta mizinga yenye malkia, mabuu na asali, lakini vibarua hawapo. Picha ya mzinga mtupu ikawa ishara ya janga. Ukiichukua ishara hiyo ukaileta Tabora, unapotosha. Nyuki wa misitu ya miombo ya huko huhama wenyewe maua yakikauka, na wengine huingia kwenye mzinga maua yakirudi. Mzinga mtupu wa gome ulioning'inia mtini wakati wa kiangazi huenda ukawa unasubiri wapangaji. Mhariri akiutia giza na kivuli, amegeuza desturi ya kila mwaka kuwa maafa, na mrina asali yeyote atakayeiona picha atajua. Aeleze mwezi picha ilipopigwa, au aitafute picha nyingine, ya msitu uliokatwa kwa ajili ya mkaa, ambako hakuna mti wa kutundikia mzinga.

Picha za mwanga wa urujuanimno nitazigusia tu. Nyuki huona mwanga huo, na hawaoni nyekundu kama tunavyoiona. Mnorwe Bjørn Rørslett amepiga maua mengi kwa njia hiyo, akatuonyesha alama ambazo macho yetu hayana habari nazo. Rangi za picha hizo ni za kubuniwa na mtengenezaji kwa lazima, na hakuna ubaya mradi maelezo chini ya picha yaseme hivyo.

Kuhusu uaminifu kwa jumla, mashindano makubwa huomba faili ghafi kabla ya kutoa tuzo, na hayana huruma. Mwaka 2018 waandaaji wa Wildlife Photographer of the Year waliifuta picha ya mla mchwa iliyoshinda mwaka uliotangulia, baada ya kuridhika kwamba mnyama aliyemo alikuwa amekaushwa na kujazwa. Nyuki mfu aliyebandikwa juu ya ua kwa gundi ni kosa hilo hilo, na nyuki aliyefutwa kwenye picha ili maua yaonekane mapweke ni kosa baya zaidi, maana limetengeneza ushahidi. Anayetaka ua pweke akae mbele ya ua asubuhi nzima na kamera kwenye miguu mitatu, apige kwa vipindi sawa, kisha azipange picha zote kwenye ukurasa mmoja, zile zenye nyuki na zile zisizo naye, bila kuchagua. Ukurasa wa namna hiyo hauhitaji kukolezwa rangi hata kidogo. Uchapwe mkubwa, kwenye karatasi isiyong'aa, kila picha ikiwa na saa yake chini kwa herufi ndogo.