Besi Isiyo na Betri Haina pa Kujificha

Swali ambalo wapiga besi wachanga huuliza kwanza ni hili: ninunue gitaa gani? Si swali baya, ila limewahi mno. Anza na mkono wako. Kidole chako kinafanya nini kikigusa uzi?

Chukua magitaa mawili ya Fender, yote ya mwaka 1962, yote bila betri. Moja, aina ya Precision, lilikuwa la James Jamerson, aliyepiga besi kwenye ngoma nyingi za Motown kule Detroit. La pili, Jazz Bass, lilikuwa la Jaco Pastorius. Sasa sikiliza "What's Going On" ya Marvin Gaye (1971), halafu albamu ya kwanza ya Pastorius (1976). Utadhani ni ala mbili zisizojuana kabisa.

Jamerson alitumia nyuzi nene zilizozungushiwa utepe bapa wa chuma, laini ukizigusa, na hakuwa mtu wa kubadilisha nyuzi. Alipiga kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Sauti ikatoka nzito na fupi, imekaa chini ya mwimbaji kama msingi wa nyumba. Pastorius yeye alitaka besi iimbe. Gitaa lake halikuwa na freti, na nyuzi zake zilizungushiwa waya wa duara, zenye kukwaruza na kung'aa. Nyuzi za aina hiyo hula mbao, ndiyo maana ubao wa shingo ukapakwa epoksi ngumu.

Gitaa lenye betri lingewapa wote wawili njia ya kuongeza sauti za chini au za juu baadaye. Lisilo na betri haliongezi kitu. Kitufe cha toni hupunguza makali tu. Kile ambacho uzi na kidole havikutoa, hata uzungushe mpaka kesho, hutakipata.

Hapa ndipo mimi natofautiana na wanaomwabudu Jamerson. Wananunua nyuzi bapa, wanaziacha zizeeke, wakingoja roho ya Motown iwashukie. Halafu wanaenda kupiga benga! Benga inataka besi inayokimbia na kujibizana na gitaa la solo, kila nota isikike ikianza na ikiisha. Nyuzi bapa zilizochoka zitaimeza. Kwa kazi hiyo ningechukua waya wa duara, uliopigwa wiki kadhaa ukapoteza ule ukali wa upya. Kwa rege au gospeli ya polepole, bapa zinakaa poa. Na kama wewe ni wa kudunda kwa kidole gumba, bapa zitakunyima ule mlio unaoutafuta.

Kwa hivyo kabla hujauza simu ukanunue gitaa jipya, badilisha nyuzi za hilo ulilo nalo. Ukichagua nene zaidi, mwonyeshe fundi, kwa sababu zinavuta shingo kwa nguvu zaidi. Kisha piga karibu na shingo, upige tena karibu na daraja, na usikilize. Tofauti utakayoisikia hapo ni kubwa kuliko nyingi unazouziwa dukani, na hiyo ni yako bure. Ukiikosa hapo, gitaa la bei mara tatu litakupa tu njia ghali ya kusikika kama kila mtu.