Flashi Iliyogoma Jukwaani

Mchana wa Jumamosi flashi zote mbili ziliwaka kila nilipobonyeza kamera. Ukumbi wetu wa Mabatini ulikuwa mtupu, viti vimeshapangwa, mafundi wa muziki wanafunga spika. Saa mbili usiku, sendofu ilipopamba moto, flashi ya pembeni ya jukwaa ikaanza kugoma. Inawaka picha tatu, inaruka mbili, inawaka moja, inaruka tena. Nusu ya uso wa binti aliyekuwa akiagwa ikawa giza.

Naeleza jinsi tulivyoisaka hitilafu ile kwa sababu nimeona wapiga picha wengi hapa Mwanza wakikutana nayo hukimbilia dukani kununua triga mpya, yaani kifaa cha kuwasha flashi kwa redio, kisha ile mpya nayo inagoma Jumamosi inayofuata.

Triga ina kitufe cha majaribio. Ukikibonyeza, kamera haihusiki kabisa. Ishara inatoka kwenye triga na kwenda moja kwa moja kwenye flashi. Nilikibonyeza mara kumi. Flashi ya pili, iliyokuwa mlangoni, iliwaka mara zote kumi, ya jukwaani mara sita. Jaribio hilo la nusu dakika liliondoa lawama kwa kamera, spidi ya shata na kile kikalio cha juu ya kamera ambamo triga huchomekwa. Tatizo lilikuwa kati ya triga na flashi ile moja.

Msaidizi wangu alitaka tubadilishe betri, tuhame chaneli na tusogeze stendi kwa mpigo mmoja. Nilimkatalia. Ukigusa vitu vitatu kwa pamoja na flashi ikawaka, hujui ni kipi kilichoponya, na wiki ijayo utaanza upya. Tulibadilishana flashi tu: ya mlangoni ikaja jukwaani, ya jukwaani ikaenda mlangoni, stendi zikabaki zilipo. Iliyokuja jukwaani ikagoma. Ile iliyokuwa ikigoma, ilipofika mlangoni, ikawaka bila kukosa. Ugonjwa ulikuwa wa mahali, si wa kifaa wala wa betri.

Mahali penyewe pakoje? Stendi ilikuwa kimo cha kifua, na wageni waliokuwa wakipanda kutunza walisimama kati yake na mimi. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa mabati. Triga nyingi za leo hutumia masafa ya 2.4 GHz, sawa na waifai na bluetooth, na mwili wa mtu, ambao sehemu kubwa ni maji, huyanyonya vizuri sana mawimbi ya masafa hayo. Ukumbi mtupu wa mchana na ukumbi uliojaa usiku ni kumbi mbili tofauti machoni pa triga. Bati nalo huyarudisha mawimbi. Wimbi lililorudi likikutana na lile lililokuja moja kwa moja, yanaweza kufutana mahali fulani na kuongezeana nguvu jirani tu. Urefu wa wimbi hilo ni kama sentimeta 12.5, kwa hiyo hata kusogea kiasi cha kiganja kunaweza kubadili matokeo.

Tulianza na kimo. Tuliipandisha stendi hadi mita mbili na nusu, juu ya vichwa vya watu: mara tisa kati ya kumi. Tukaivuta hatua moja kutoka kwenye bati: kumi kwa kumi. Nikabadili chaneli pia ili nijue tu, na hakuna kilichobadilika. Waifai ya ukumbi haikuwa na hatia usiku ule. Wapo pia wanaomlaumu MC na maiki yake isiyo na waya. Mara nyingi wanamwonea, maana maiki nyingi za kumbini hutumia sehemu ya masafa ya UHF iliyo chini sana ya 2.4 GHz.

Studio ndogo za picha za paspoti zina shida iliyo kinyume na hii. Humo flashi iko karibu mno. Triga kadhaa za Godox, kwa mfano, zina mpangilio wa umbali wenye chaguo mbili, mita 1 hadi 100 na mita 0 hadi 30. Ukiiacha kwenye chaguo la kwanza huku flashi iko chini ya mita moja kutoka kwenye kamera, inaweza kugoma ingawa kila kitu ni kizima. Badili mpangilio huo kabla hujamwita fundi.

Flashi ikiwaka yenyewe bila wewe kubonyeza, mtafute mpiga picha mwenzako ukumbini. Huenda nyote mmebaki kwenye chaneli ya kwanza, kama kifaa kilivyotoka kiwandani. Ikiwaka lakini picha ina utepe mweusi upande mmoja, redio haina kosa. Spidi ya shata imepita uwezo wa kamera, ambao kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Wanaopiga maharusi juani, mawe na ziwa vikiwa nyuma, hukutana na utepe huu sana kwa sababu hupandisha spidi ili kulipunguza jua. Shusha spidi, au washa hali ya spidi ya juu kama flashi na triga zote zinayo.

Kitufe cha majaribio kikiwasha flashi lakini kamera haiwashi, chunguza kikalio. Ziwa letu ni la maji baridi, hatuna chumvi inayokula vyuma kama Pwani, ila jasho na vumbi vinatosha kuziba njia ya umeme. Raba safi ya penseli, ikisuguliwa taratibu juu ya vile vidoa vya chuma, hurudisha mguso. Angalia pia kama kidoa cha katikati kipo. Canon ilikiondoa kwenye 4000D ya 2018 na 250D ya 2019, na triga rahisi zinazotegemea kidoa hicho peke yake haziwezi kufanya kazi kwenye kamera hizo hata ukizisugua mwaka mzima. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi mbaya, kwa sababu hizo ndizo kamera za anayeanza, na anayeanza ndiye mwenye triga ya bei ndogo. Ukinunua kamera ya mtumba, ifungue kifuniko cha kikalio na uhesabu vidoa kabla hujatoa pesa.

Msaidizi wangu alikuwa ameshaulizia bei ya triga mpya kwa simu wakati wa chakula. Triga ile ile ndiyo tuliyofungia kazi usiku huo, na bado naitumia.